Shaibu na Gamba Lake

Usiku wa kwanza niliolala nyumbani kwa binti yangu, katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza, mwezi wa Januari, barafu ikiwa imeganda juu ya vioo vya madirisha na mimi nimejifunika mablanketi matatu juu ya koti ambalo sikuthubutu kulivua, niliarifiwa kwamba chumba nilichopewa kilikuwa na mpangaji mwingine aliyenitangulia. Pembeni, juu ya meza, palikuwa na sanduku refu la kioo, na ndani yake, juu ya kipande cha gogo, alilala kifudifudi mjusi wa rangi ya mchanga, urefu wake kalamu ya risasi na nusu, kiwiliwili kimebapa kama andazi lililokaliwa, na chini ya kidevu chake zimejipanga safu za miiba midogo mithili ya ndevu za mzee aliyeacha kunyoa tangu Ramadhani iliyopita. Mjukuu wangu, mtoto wa miaka kumi, mwenye chumba, ambaye kwa ajili yangu alihamishiwa sebuleni, alitujulisha kwa adabu zote. "Babu, huyu anaitwa Shaibu," alisema. "Ana miezi minne."

Sisi watu wa pwani hatukulelewa kumtaja mjusi kwa heshima. Mimi nilizaliwa Tanga, na mjusi tuliyemjua ni yule atambaaye ukutani usiku akiwinda mbu kandokando ya taa, ambaye jina lake la mjusi kafiri latosha peke yake kueleza cheo tulichompa. Mtoto aliyemuua kwa kandambili alisifiwa, na mama aliyemkuta ndani ya chungu alimwaga mchuzi wote. Kwa hiyo habari ya mtu kumnunua mjusi kwa fedha, kumjengea nyumba yenye taa mbili na kumlisha kwa mkono ilinijia kama mzaha wa ugenini, na lau si taadhima ambayo mgeni humwia mwenyeji wake, hata kama mwenyeji mwenyewe ni mjukuu, ningaliomba mmoja wetu akalale ukumbini. Sikujua usiku ule kwamba kabla ya kurudi kwangu Tanga ningemtia kiumbe yule kilema cha maisha, wala kwamba kilema hicho ndicho kitakachonifunza maana ya neno moja la Kiswahili nililolitamka umri wangu wote pasi na kulitafakari.

Nasaba yake

Mjusi wa ndevu, ambaye wataalamu humwita Pogona vitticeps, na ambaye mtaalamu wa Kijerumani Ernst Ahl alimwandika kwa mara ya kwanza katika vitabu vya elimu mwaka 1926, asili yake ni bara ya ndani ya Australia, nchi ya vichaka vikavu, mawe na mchanga mwekundu, ambako aghalabu huonekana amepanda juu ya kisiki au nguzo ya ua akiota jua. Jina la Pogona limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya ndevu, na ndevu zenyewe si za pambo tu, maana akiingiwa na hofu au hasira hulitunisha koo lake, miiba ikasimama, na ngozi ya koo ikageuka nyeusi kama masizi ya chungu. Ni wa ukoo mmoja na mijusi ya kwetu yenye vichwa vya rangi ya waridi na viwiliwili vya samawati, ile itikisayo vichwa juu ya majabali ya Serengeti kana kwamba inaafiki kila lisemwalo. Serikali ya Australia imekataza kwa miongo mingi kuwasafirisha nje kwa biashara wanyama wake wa asili walio hai, na kwa sababu hiyo mijusi ya ndevu inayouzwa leo Ulaya na Marekani ni uzao wa vizazi vingi vya kifungoni, mwana wa mjukuu wa kitukuu ambaye damu yake ingali inalidai jua la jangwa lakini macho yake hayajapata kuliona.

Hutoka yaini akiwa na urefu wa takriban sentimita 10, na akitunzwa vyema hukaribia, katika muda wa mwaka mmoja tu, urefu wa utu uzima, ambao ni sentimita 40 hadi 60 pamoja na mkia. Msomaji na aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa ndilo shina la yote yafuatayo: kiumbe anayekua kwa kasi namna hiyo hawezi kukaa ndani ya nguo moja.

Asubuhi ya pili nilipoinama kumtazama, naye tayari yuko juu ya jiwe chini ya taa, aliuinua mkono wake wa kulia, akauzungusha hewani polepole, kisha akauteremsha, kama abiria aagaye akiwa juu ya sitaha ya meli. Nami, kwa kuwa sipendi kupitwa kwa adabu, nikampungia wangu. Mjukuu wangu alicheka hata akakaa kitako. "Hakuagi, Babu," alinieleza. "Anakwambia wewe ni mkubwa na yeye ni mdogo, basi usimdhuru." Na kweli ndivyo ilivyo: mijusi hawa, hasa wakiwa wachanga, hupunga mkono kukiri unyonge wao mbele ya aliye mkubwa kuliko wao.

Kujivua

Juma la pili Shaibu alibadilika. Rangi yake ya mchanga ilififia ikawa ya kijivu, kisha mabegani na mgongoni ikaingia weupe wa ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Alisusa nyenje aliokuwa akiwafukuza kwa pupa. Alimfokea mjukuu wangu kwa kinywa kilichoachama. Na jioni moja aliyatutumua macho yake mpaka yakasimama nje ya kichwa kama kunde mbili zilizorowekwa, hata mimi nikamwita binti yangu kwa sauti, nikidhani mauti yamemfika. Binti yangu alitazama, akarudi jikoni. "Anajivua gamba tu, Baba," alisema.

Kujivua gamba! Neno hili nani asiyelijua? Kule kwetu mtu hukuta gamba la nyoka limenasa katika ua wa makuti, refu, jepesi, zima tangu pua hadi mkia, kama kanzu ambayo mwenyewe ameivua kwa haraka akaiacha imegeuka ndani nje. Na mwaka 2011 neno lenyewe lilihamia hata siasani, chama kinachotawala Tanzania kilipotangaza kuwa kinajivua gamba, likawa wimbo wa magazeti na wa vijiwe vya kahawa. Lakini mjusi hana kanzu. Yeye huvua viraka: leo kichwa, kesho bega na ubavu, keshokutwa mguu mmoja, na mkia aghalabu huwa wa mwisho, hivi kwamba kwa muda wa siku kadhaa huzunguka na matambara yakimning'inia kama fukara aliyenusurika na dhoruba.

Sababu yake ni kwamba tabaka la nje la ngozi ya wanyama watambaao limefanywa kwa keratini, dutu ile ile ya kucha zetu, gumu na lisilokua pamoja na mwili. Wakati wa kujivua ukiwadia, ngozi hushona nguo mpya chini ya ile kuukuu, kamili, kila gamba na mwiba wake; kisha baina ya nguo hizo mbili hupenya majimaji yaliyochanganyika na vimeng'enya, ambavyo huyeyusha nyuzi zilizozishikamanisha, na ile ya juu ikabanduka. Weupe ule wa ukungu ndio dalili ya mfarakano huo. Mjusi mchanga hupitia hali hii kila baada ya majuma machache, ilhali mtu mzima huipitia mara chache tu kwa mwaka, na hapo ndipo unapoonekana wazi udhaifu wa mtoto: aliye na haja ya kujivua mara nyingi ndiye aliye na nafasi nyingi za kushindwa.

Na kushindwa kwenyewe hakuanzii mgongoni, mahali papana ambapo ngozi hupukutika kwa urahisi. Huanzia pembezoni, kwenye vidole, ncha ya mkia, miiba ya ndevu na kope za macho, ambako gamba la zamani huweza kusalia likakauka. Na gamba lililokauka kidoleni ni pete. Mtoto anakua, pete haikui. Damu huzuilika, ncha ya kidole huvimba, hugeuka rangi, hufa, hudondoka. Nao mjusi wa ndevu si kama wale mijusi wa ukutani wanaoutupa mkia wakaota mwingine, kinachomtoka hakirudi.

Pete

Siku sita zilipopita, ngozi ya mgongo ilikuwa imeondoka, lakini vidole vya mkono wa kulia vilikuwa bado vimevaa vifuko vyeupe, mithili ya glovu ya mwanasesere, na begani palikuwa na utepe uliojikunja ncha. Mtoto yuko shuleni, binti yangu yuko kazini, nami nimerudi kutoka sala ya Ijumaa na sina shughuli. Enyi wasomaji, hakuna mkono wenye hatari kuliko mkono wa mzee asiye na kazi. Nilimtoa Shaibu katika sanduku, nikamweka juu ya goti, nikaushika utepe wa begani kwa kucha mbili, nikauvuta. Ukaja, laini, kama ngozi ya kitunguu, na furaha niliyoipata ni ile ile ya mtu amenyaye chungwa kwa ganda moja lisilokatika. Nikauvuta zaidi. Safari hii kilichotokea chini yake hakikuwa nguo mpya bali nyama, nyekundu, yenye kumetameta kwa maji, na katikati yake ikachomoza nukta ya damu.

Koo la Shaibu likawa jeusi. Lakini mimi, badala ya kukoma, nilifanya kama afanyavyo mtu aliyevunja kikombe akataka kukificha kwa kupanga vizuri vilivyobaki: nilikigeukia kidole cha tatu cha mkono, nikakivuta kile kifuko ili nimalize angalau jambo moja jema, nacho kikakatika nusu, nusu ya chini ikajikunja na kuteremkia kwenye shina la kidole, ikakaza kama mkono wa shati uliopindwa mara nyingi. Nilijaribu kuiondoa kwa ncha ya ukucha, sikuweza. Nikamrejesha sandukuni. Nikanyamaza.

Nilinyamaza siku tatu, na katika kisa hiki chote hilo ndilo linitialo haya zaidi, maana kosa la kuvuta lilikuwa la ujinga, na kosa la kunyamaza lilikuwa la kiburi. Siku ya tatu jioni mtoto alikuja kwangu, Shaibu amekaa kiganjani mwake, na kile kidole, juu ya pete, kilikuwa kimenenepa na ncha yake imekuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Nilimwambia yote. Hakulia wala hakunigombeza. Alinitazama tu kwa muda, kisha akaniambia neno ambalo nimekaa nalo mpaka leo. "Babu, wewe hujalivua koti tangu ulipokuja. Mama hajakuvuta."

Kwa tabibu

Tulimpeleka kwa bibi mmoja tabibu wa wanyama mwenye ujuzi wa watambaao, naye kabla ya kumgusa mgonjwa alimwuliza mtoto maswali, na maswali yake yote yalihusu nyumba: taa ni ya namna gani, imekaa umbali gani, jiwe lina joto la kadiri gani, hula nini, hunywa vipi. Mjukuu wangu alikuwa na picha za sanduku katika simu ya mama yake. Tabibu alizitazama, akazikuza kwa vidole viwili, akatikisa kichwa, na kuanzia hapo nikafahamu kwamba pete ya kidole ilikuwa barua tu, na mwandishi wake ni mwingine.

Jambo la kwanza lilikuwa nuru. Sanduku lile lilinunuliwa kuukuu, pamoja na taa zake, katika duka ambalo mwuzaji wake aliapa kuwa kila kitu ni kamili. Mijusi hawa wanahitaji mionzi ya jua iitwayo urujuanimno, ile ya aina ya B, ambayo huiwezesha ngozi yao kutengeneza vitamini D3, na pasi na vitamini hiyo mwili hauwezi kuipokea kalisi iliyo katika chakula, mifupa ikalainika, na mnyama mzima, ngozi ikiwamo, akadhoofika. Taa maalumu hutoa mionzi hiyo, lakini nguvu yake hupungua, na nyingi zinahitaji kubadilishwa baada ya miezi sita hadi kumi na miwili hata kama jicho la mtu laziona zinawaka vilevile. Fauka ya hayo, taa ya Shaibu iliwekwa juu ya kifuniko cha kioo, na kioo cha kawaida huizuia mionzi hiyo isipite. Mtoto wa jangwa alikuwa akiota mwanga usio na jua ndani yake.

La pili lilikuwa joto. Watambaao hawana moto wao wa ndani. Mjusi wa ndevu hukopa joto lake kutoka nje, na bila ya joto la kutosha hawezi kusaga chakula, hawezi kupigana na maradhi, hawezi kuikamilisha kazi ya kushona na kufumua ngozi. Mahali pa kuotea jua pa mtoto kama yeye panatakiwa pawe na joto la sentigredi 38 hadi 42, na upande wa pili wa sanduku uwe wa ubaridi, kama 25 hadi 28, ili mwenyewe achague apendapo. Kipimajoto cha kubandika kilichokuwa sandukuni kilipima joto la kioo kilipobandikwa, si la jiwe. Jioni ile tulipolipima jiwe kwa kipimajoto cha kuelekeza, tulikuta 31.

La tatu lilikuwa maji. Mtu atastaajabu kusikia kwamba mnyama wa jangwa aweza kukauka, lakini porini hupata maji yake katika majani na wadudu, na katika matone ya umande au mvua anayoyalamba, wala wengi wao hawalitambui bakuli la maji yaliyotulia kuwa ni maji. Nyumba za Uingereza wakati wa baridi hutiwa joto kwa vyuma vilivyo chini ya madirisha, ambavyo huikausha hewa hata midomo ya watu ikapasuka, yangu ikiwa miongoni. Tabibu alituonyesha dalili: macho yaliyodidimia kidogo, na katika kinyesi ile sehemu nyeupe, ambayo ndiyo mkojo wa mjusi, imekuwa ngumu na ya kimanjano kama chaki ya zamani.

La nne lilikuwa dogo, na kwa udogo wake halikuonekana na yeyote. Sanduku lilikuwa safi mno. Sakafu ilikuwa ya vigae laini, jiwe lilikuwa la mto, lililosuguliwa na maji mpaka likang'aa, na gogo lilikuwa limebambuliwa gome. Mwenye kujivua alikosa mahali pa kujikwaruzia. Amepewa nguo ya kuvua na hakupewa ukuta wa kuegemea.

Kwa mgonjwa mwenyewe kazi ilikuwa fupi. Tabibu alimlowesha mkono katika maji ya uvuguvugu, akakipaka kidole ute wa dawa, akavaa miwani ya kukuza, na kwa kijiti chenye pamba akaisukuma ile pete duru baada ya duru, akielekea kwenye ncha, hata ikatoka, nyembamba kama unywele wa mvi. Akaiweka juu ya karatasi nyeupe ili mtoto aione. Kisha akasema kwamba ncha ya kidole imekwisha kufa, itakauka na kudondoka yenyewe, na hakuna haja ya kukata.

Maji na subira

Masharti tuliyorudi nayo nyumbani nayaandika hapa kwa manufaa ya wengine, maana Waswahili wenzangu walio ughaibuni wana watoto, na watoto wa huko wana mijusi. Ngozi isiyotaka kutoka haivutwi kamwe. Mnyama huogeshwa, siku za kujivua, ndani ya beseni lenye maji ya sentigredi 30 hadi 35, yasiyozidi mabega yake, kwa muda wa dakika kumi na tano, mtu akiwa ubavuni mwake wakati wote. Baadaye vidole na ncha ya mkia husuguliwa kwa mswaki laini, kwa kufuata mlalo wa magamba, kisha hukaushwa na kurejeshwa chini ya taa apate joto kabla ya usiku kuingia. Kisichotoka leo hungojwa kesho. Macho hayaguswi; kope zikibakiwa na gamba, hiyo ni kazi ya tabibu. Binti yangu aliuliza kuhusu mafuta ya nazi, kwa kuwa sisi wa pwani hatuna maradhi tusiyoyapaka mafuta ya nazi, akajibiwa kwa upole kwamba tuyaache kwa nywele, maji yatosha.

Wala mtu asidhani kwamba kwa kuwa ukavu ni mbaya basi lililo aula ni kuligeuza sanduku kuwa kinamasi, kwani unyevu wa kudumu huzaa kuvu na maradhi ya mapafu. Maji hupewa mjusi kwa matone puani asubuhi, kwa majani yaliyooshwa yasikaushwe, na kwa kuoga. Majani yenyewe ni kama sukuma wiki na jamii zake, yaliyokatwa kata. Parachichi ni sumu kwake. Na wadudu, nyenje au mende wa kufugwa, wasizidi upana wa nafasi iliyo baina ya macho yake mawili, tena wapakwe unga wa kalisi. Vitamini A ikipungua huharibu ngozi, na ikizidi huiharibu vilevile, kwa hiyo dawa za chupa hazimiminwi kwa kubahatisha. Mikono huoshwa kwa sabuni kila baada ya kumshika, kwa kuwa watambaao huweza kubeba salmonela pasi na wao kuugua, na bakteria hao huwadhuru zaidi watoto wachanga, wajawazito na wazee. Beseni la mjusi, basi, lisikutane na sufuria.

Tena si kila gamba gumu ni gamba lililogoma. Vijidudu vya utitiri, vidogo kama nukta, hujificha katika mikunjo ya ngozi na kuiharibu. Minyoo na vimelea vya tumbo humdhoofisha mtoto mpaka akakosa nguvu za kujivua, ndiyo sababu tabibu alikichukua kinyesi akakipime. Na yako maradhi ya kuvu, yaletwayo na kuvu aitwaye Nannizziopsis guarroi, ambayo huanza na kibaka cha manjano au cha kahawia kinachobaki baada ya gamba kutoka, kikawa kigaga, kikatambaa, kikala nyama iliyo chini. Hayo huambukiza mijusi wengine na huua, wala hayana dawa ya beseni. Kwa hivyo kiraka kinachosalia mahali pamoja mara mbili mfululizo ni cha kupelekwa kwa tabibu, si cha kukwanguliwa.

Tulibadilisha taa, tukaiweka ndani badala ya juu ya kioo. Tulilishusha lile jiwe la mto, na mahali pake mtoto akaweka kipande cha tofali alichokiokota nyuma ya nyumba, tukakichemsha na kukikausha, kibaya kwa sura na kikwaru kama ulimi wa paka. Jiwe la mto mimi nazizuia karatasi zangu kwalo hadi leo.

Mwezi wa Machi ukungu ulirudi mgongoni mwa Shaibu. Safari hii nilivuta kiti, nikaketi mbele ya kioo, mikono nimeiweka mapajani kama mtu aliye msikitini, nikatazama. Alipanda juu ya tofali. Aliusugua upande mmoja wa taya, akatua. Akausugua wa pili. Akaupinda mgongo, akausukuma ubavu wake dhidi ya ncha ya tofali, na gamba likapasuka, likajikunja, likadondoka bila ya kishindo. Aliyatutumua macho, nami sikumwita mtu. Iliendelea hivyo siku nne, na siku ya nne jioni vidole vyote vilikuwa vimevaa nguo mpya, na mkia pia, na mtoto akafagia sandukuni kwa brashi ya rangi vipande vilivyotapakaa, vyeupe, vyepesi kama maganda ya vitunguu saumu. Katika kukaa kule ndipo nilipolisikia neno letu kwa mara ya kwanza. Wazee waliotuachia lugha hawakusema kwamba nyoka huvuliwa gamba. Walisema hujivua, wakaitia katikati ya kitenzi silabi moja ndogo ya "ji", na katika silabi ile wakaufunga mlango kwa kila mkono usio wake. Kinachobaki kwa mwingine, awe mtoto wa miaka kumi au babu yake, ni kuitazama nyumba: nuru, joto, maji, na kitu kikwaru cha kujisugulia.

Ncha ya kidole ilikwisha dondoka majuma mawili kabla ya hapo, usiku, bila ya mtu kuona.

Niliondoka mwezi wa Aprili. Alfajiri ya safari, mizigo iko mlangoni, niliingia chumbani kumtazama mpangaji mwenzangu, koti likiwa mkononi mwangu na si mabegani, na taa yake ndiyo kwanza imewashwa. Aliniona. Aliuinua mkono wa kulia, akauzungusha polepole, na dhidi ya mwanga nikavihesabu vidole: vitano, cha tatu kifupi kuliko inavyopasa. Wewe ni mkubwa, mimi ni mdogo. Sikumpungia. Niliuteremsha wangu, nikasimama pale mpaka alipomaliza.